Sahani Mbili za Baba

Baba yangu alikula kila mlo mara mbili, na hakuna aliyemwita mlafi.

Asubuhi alianzia sebuleni. Mama alimwekea chai ya maziwa, mkate wa siagi na mayai, kisha akaketi mbele yake akimtazama kama msimamizi wa mtihani. Baba alimaliza kila kitu, akasema, "Asante, mama watoto," akatupa taulo begani na kutoka uani kama mtu anayekwenda kunawa uso. Huko, kando ya tangi la maji, dada yake alikuwa ameshaweka kigoda, na birika lilikuwa linatokota juu ya jiko la mkaa. Baba aliketi, akanywa chai nyingine, akala viazi vya kukaanga, akasema, "Asante, dada." Hapo ndipo aliponawa uso kweli na kwenda kazini, kwenye kibanda chake cha kunyolea.

Mama alijua habari za kigoda. Shangazi alijua habari za sebuleni. Mchana chakula kilimfuata kibandani katika vibebeo viwili vilivyofika kwa nyakati tofauti, na jioni safari ya sebuleni na uani ilirudiwa upya. Sisi wengine tulikula popote, kwa yeyote, na hakuna aliyejali. Kushiba kwetu hakukuwa na maana yoyote. Maana yote ilikuwa kwenye tumbo la baba.

Mambo yalianza siku shangazi alipohamia kwetu. Ndiye dada mkubwa wa baba, na ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki, yeye mwenyewe akiwa bado msichana. Alipofiwa na mumewe, baba akamwambia, "Njoo ukae kwangu, dada, nyumba ni yako." Sebule ilijaa majirani waliokuja kumpa pole. Shangazi aliingia, akamshika baba mabega, akamgeuza huku na huku kama anakagua gunia sokoni, akasema mbele ya watu wote, "Mtoto, mbona umekonda hivi? Kwani humu ndani jiko limeharibika?"

Watu walicheka. Baba naye alicheka. Mama aliingia jikoni, akawapakulia wageni, akawakaribisha vizuri, na tangu siku hiyo hakusema na wifi yake neno hata moja. Shangazi naye alikuwa ameshatangaza kwamba mdogo wake ana njaa, sasa angerudije nyuma? Siku iliyofuata alinunua jiko la mkaa.

Sitaki mtu afikiri nyumba yetu ilikuwa ya kelele. Hakuna aliyefoka. Maneno yalipitishwa kwetu watoto kama barua za posta.

"Mwambie mwenye jiko la nje moshi unaingia chumbani," mama aliniambia, shangazi akiwa hatua chache tu, akisikia kila silabi.

"Mwambie mwenye nyumba upepo siufugi mimi," shangazi alijibu.

Nami nikiwa mdogo niligeuka na kumwambia mama, "Anasema upepo haufugi yeye," na wote wawili waliniambia asante. Nilidhani kila nyumba ina mtu wa kazi hiyo.

Nilipomaliza chuo, ambako nilisomea lishe, nilirudi nyumbani kusubiri ajira. Baba alifurahi mno. Alinibandika jina la Daktari wa Sahani, na kila mteja aliyeketi kwenye kiti chake aliambiwa kwamba mtoto wa mwisho wa Wembe sasa anaweza kukutazama tu akajua jana ulikula nini. Wembe ndilo jina ambalo mtaa mzima ulimwita baba. Nilikuwa nimenunua kifaa kidogo cha kupimia sukari ya damu, na kwa kuwa sikuwa na mgonjwa mwingine, nilianza na wa nyumbani. Mama alikuwa salama. Shangazi alikuwa salama. Nilipomchoma baba kidole, kifaa kilileta namba ambayo darasani tulionyeshwa kama mfano wa kutisha.

"Kubwa ndiyo nzuri?" baba aliuliza.

"Hapana, baba."

"Basi kifaa chako hakijazoea watu wa hapa."

Kliniki haikuwa na utani huo. Walisema ugonjwa ulikuwa mwilini kwa muda mrefu. Nesi alimgusa nyayo kwa uzi mgumu, macho ya baba yakiwa yamefumbwa, akamtaka aseme kila anapoguswa. Baba alinyamaza. Nesi aligusa tena na tena, na baba alikaa ametulia, anasubiri kwa adabu kipimo kianze. Nililitazama lile tabasamu lake la kusubiri, nikaelewa kwamba miguu yake ilikuwa imeshaondoka bila kuaga.

Alipewa vidonge. Akaambiwa avae viatu vya kufunika, akague miguu kila siku, na zaidi ya yote apunguze chakula, kwa sababu vidonge peke yake haviwezi kushindana na sahani. Tukiwa njiani kurudi nilijipa kazi moja tu duniani: baba ale mara moja. Niliona ni kazi ndogo. Nilikuwa nimeandika utafiti mzima kuhusu familia na mazoea ya kula, na niliamini kwa moyo wote kwamba watu wanaopendana wakielezwa vizuri, huelewa.

Nilianza na mama, alipokuwa anapanga vyombo.

"Mimi sukari nimepunguza zamani," alisema. "Uliza kwingine."

"Si sukari tu, mama. Anakula mara mbili."

"Kwangu anakula mara moja." Alikung'uta sahani maji. "Mimi ni mkewe. Mke aache kumpikia mumewe kwa sababu kuna mtu anapika nje? Aache yeye."

Nikaenda uani. Shangazi alinisikiliza hadi mwisho, kidevu mkononi, akitikisa kichwa kwa huruma kabisa.

"Masikini mtoto," alisema, na mtoto huyo alikuwa baba yangu, mwenye mvi. "Yaani wanamlisha mpaka anaugua."

"Nanyi wote mnamlisha, shangazi."

"Mimi namwonjesha tu. Kile ninachompa si chakula, ni mkono wa dada. Mwambie mwenye nyumba ndiye apunguze."

Ikabaki kumwendea mwenyewe. Kibanda cha baba kilikuwa na chumba kimoja, kioo kirefu, viti viwili na redio isiyozimwa. Siku ile alikuwa anamnyoa dereva wa lori, rafiki yake wa miaka mingi.

"Wembe, siku hizi tumbo lako linanifikia kabla ya mashine," dereva alisema kutoka chini ya kitambaa.

"Tulia. Hilo tumbo lina wake wawili."

"Una mke mmoja wewe."

"Mke mmoja na dada mmoja. Jumlisha."

Walicheka, nami nikacheka. Dereva alipoondoka, baba akachukua ufagio na kuanza kufagia nywele. Alivaa kandambili. Nilimuuliza viatu vya kufunika viko wapi, akasema miguu imevimba, vinabana, na kinyozi anasimama siku nzima.

"Baba," nilisema, "unaweza kusema umeshiba."

"Nimwambie nani?"

"Yeyote."

"Mle ndani hakuna yeyote. Kuna mama yako na kuna shangazi yako." Aliegemea ufagio. "Nikimwambia mama yako nimeshiba, atasema nimeshibia nje. Nikimwambia dada, atasema nimekatazwa ndani. Mimi kushiba kwangu si kushiba, ni kupiga kura."

"Kwa hiyo unakula ili wasigombane."

"Unasikia wakigombana?"

"Hawasemezani kabisa, baba."

"Lakini hawagombani." Alitabasamu, kisha tabasamu likamwisha. "Tulipokuwa watoto, chakula kikiwa kidogo dada alikuwa anasema, 'Kula wewe, mimi nimekula kwa jirani.' Hakuwa amekula kwa jirani. Nilikuwa najua, na nilikuwa nakula. Leo ananiwekea sahani, nimwambie mimi nimekula kwa jirani? Na mama yako, aliyenipokea nikiwa na mkasi mmoja na kiti cha kuazima, nimwambie chakula chake kimezidi?"

Nilikuwa na ushauri tu. Nilimwambia ale nusu kila mahali: nusu sebuleni, nusu uani, jumla sahani moja. Akasema hilo ni jambo la akili, ndiyo maana nilisomeshwa.

Jioni ile alibakisha nusu. Mama aliitazama ile nusu kwa muda mrefu.

"Imekosa chumvi?"

"Hapana, mama watoto. Nafuata masharti."

"Labda ya uani ndiyo yenye chumvi."

Uani shangazi aliitazama nusu yake, akaniita pembeni. "Mtoto amepoteza hamu ya kula," alisema, macho yamejaa hofu. "Hali ni mbaya kuliko mlivyoniambia."

Siku zilizofuata nusu zilianza kunenepa. Mama alipunguza wali na kuongeza mafuta hadi mchuzi ukang'aa. Shangazi aliacha viazi na kuanza kupika uji mzito wa maziwa, siagi na sukari, wa kumrudishia mgonjwa nguvu. Nilieleza tena, nikachora hata picha ya sahani na kuibandika ukutani. Mama aliipongeza picha. Shangazi alisema mchoraji hakukosea ila sahani ilikuwa ndogo. Kifaa changu kiliendelea kuleta namba zile zile, na wakati mwingine zaidi.

Nywele ndizo zilizofanya kilichobaki. Watu wengi hawajui kwamba unywele uliokatwa mfupi ni mgumu kama sindano. Ukianguka mguuni huingia kwenye nyama laini katikati ya vidole, ukakaa humo. Vinyozi wote wanalijua hilo. Ikifika jioni huketi, wakachomoa kwa kibanio, wakajipaka spiriti, wakaenda zao. Lakini huchomoa anayehisi. Baba hakuhisi. Siku niliyompelekea vidonge alivyosahau, niliona kandambili ya kulia ina doa jeusi lililolowa. Nilipiga magoti. Katikati ya vidole viwili vidogo kulikuwa na shimo, na harufu iliyotoka humo niliifahamu kabla ya kutaka kuifahamu.

"Ni nywele za watu tu hizo," baba alisema, akiinama kwa shida kutazama, kama anatazama mguu wa mtu mwingine.

Kliniki walisafisha, wakachomoa vinywele kadhaa, wakafunga bandeji. Wakasema kidonda kikae kikavu, kibadilishwe bandeji kila siku kwa dawa waliyotoa, na asisimame. Baba alikubali yote. Alifunga kibanda. Na kwa kuwa sasa alishinda nyumbani, mguu wake uliingia kwenye utaratibu wa nyumba.

Asubuhi mama alimfungua chumbani, akapaka dawa ya kliniki, akafunga bandeji nyeupe iliyonyooka kuliko ya nesi. Baba akasema asante, akajikongoja hadi uani. Shangazi alitazama bandeji na kuguna.

"Kidonda hakifungwi kama zawadi," alisema. "Kinataka maji ya moto na chumvi, kipumue."

Akafungua. Akaosha. Akafunga kitambaa chake mwenyewe. Mchana mama aliona kitambaa, akafungua tena. Baba alifungwa sebuleni na kufunguliwa uani, na kote alisema asante. Nilipomzuia shangazi aliniuliza, kwa upole kabisa, nani aliyemwosha baba vidonda alipokuwa anaanguka kwenye mawe, mimi au yeye. Nilipomwomba baba akatae, alinipapasa kichwa. "Mguu ni mmoja, lakini wenye mguu ni wengi," alisema, akacheka peke yake.

Ningeweza kukaa pale mlangoni siku nzima. Nilifanya hivyo kwa siku kadhaa. Kisha niliitwa kwenye usaili wa kazi, nikaenda.

Niliporudi, beseni lilikuwa limepinduliwa uani na shangazi ameketi chini kando yake, kanga imemdondoka begani. Baba alikuwa kitandani. Mguu wa kulia, kuanzia vidoleni hadi juu ya kisigino, ulikuwa umevimba malengelenge, na mengine yalikuwa yameshapasuka.

"Nilimuuliza," shangazi alisema. "Nilimuuliza, 'Yanachoma?' Akasema hayachomi."

Alikuwa ameyapima maji kwa mkono wake kwanza. Lakini mikono ya shangazi ilizoea kuipua sufuria motoni bila kitambaa.

Baba alimwambia mama kwamba alijimwagia mwenyewe alipokuwa anaoga. Mama alimtazama, akanitazama mimi. Alifungua mdomo. "Mwambie mwenye jiko la nje," alianza, na sentensi ikamfia pale pale. Akaingia chumbani kutafuta nguo za kwenda nazo hospitali.

Hospitalini walimlaza wodi ya wanaume, kitanda cha karibu na dirisha. Daktari wa upasuaji alikuwa kijana, pengine mkubwa wangu kwa miaka michache tu, mwenye sauti ya mtu aliyekosa usingizi. Alieleza bila kuzungusha. Vidole viwili vimekufa, na nyama iliyo karibu navyo. Vikiondolewa leo, mguu utabaki, na baba atarudi kusimama kwenye kibanda chake. Wakisubiri, sumu itapanda.

"Nimekuelewa, daktari," baba alisema. "Wacha familia yangu ikae kwanza."

"Mzee, mguu ni wako."

"Ndiyo. Wacha wakae."

Familia ilikuwa imeshakaa. Kulikuwa na benchi moja nje ya wodi. Mama upande huu, shangazi upande ule, na mimi katikati. Niliwaeleza alivyosema daktari. Nilisema kwa sauti moja, neno kwa neno, ili asiwepo wa kusema kwamba mwenzake aliambiwa zaidi.

Mama alitazama ukuta uliokuwa mbele yake. "Mwambie shangazi yako," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kumwita shangazi, "kwamba yule ni damu yake. Akisema wakate, mimi sina neno."

"Mwambie mama yako mimi ni mgeni katika nyumba yake," shangazi alisema. "Mume ni wake. Akisema yeye, mimi nitafuata."

"Nikisema mimi, kesho nitaambiwa nilimkata mdogo wa mtu."

"Nikisema mimi, nitaambiwa nilimchoma kwanza, kisha nikamkata."

"Mama," nilisema. "Shangazi. Ni vidole."

"Leo ni vidole," mama alisema. Walikuwa wananiegemea kutoka pande zote mbili, nikahisi mabega yao yote yanatetemeka mtetemo mmoja.

Nilirudi kwa baba. Nikapiga magoti kando ya kitanda ili nimnong'oneze. Nilimwambia aseme ndiyo tu, wao watazoea, kila mtu huzoea. Nilimwambia kila dakika ina bei. Nilitumia maneno yote niliyofundishwa, na yalipoisha nikatumia yale ambayo mtoto hutumia: tafadhali, baba, tafadhali.

Alinisikiliza kama alivyomsikiliza nesi na ule uzi wake.

"Nikisema ndiyo leo," alisema, "kesho mama yako atasema ni maji ya dada. Dada atasema ni haraka ya mama yako. Nitarudi nyumba gani? Lakini wakija pamoja, wakasimama hapa wote wawili, wakasema kata, basi hakuna wa kulaumiwa. Wataelewana. Wape muda."

"Hakuna muda."

"Nimewangoja miaka yote hii, Daktari wa Sahani. Siku moja haitaniua."

Daktari alipita tena mchana. Akapita tena jioni, akamwandikia dawa za nguvu zaidi, akanitazama mimi niliyekuwa na akili timamu na vyeti, kana kwamba ananiuliza nafanya nini pale. Nilikuwa sifanyi kitu. Nilibeba maneno kutoka kitandani hadi kwenye benchi na kutoka upande mmoja wa benchi hadi mwingine. Jioni ile vibebeo viwili vya chakula vilifika wodini, na baba, mwili ukiwaka homa, alionja kutoka kila kimoja.

Asubuhi mguu ulikuwa mwekundu hadi juu ya kifundo, na mstari mwembamba ulikuwa umeanza kupanda kwenye muundi. Baba aliniita kwa jina la utotoni la shangazi. Daktari alifunua shuka, akaifunika tena polepole.

"Sasa ni chini ya goti," aliniambia. "Na hilo ni leo. Kesho sijui."

Nilikwenda kwenye benchi. Sikuketi katikati, nilisimama mbele yao. Nilisema, "Chini ya goti. Leo."

Watu walipita na machela, na mahali fulani bomba lilikuwa linadondosha maji. Mama aligeuza shingo, polepole, kama mtu aliyelalia vibaya.

"Wifi," alisema.

Shangazi hakuitika mara moja. Nadhani alifikiri kuna mtu mwingine anayeitwa. "Abee," alisema mwishoni.

"Twende tukamwambie."

"Twende."

Shangazi magoti yalimkatalia, mama akampa mkono. Wakaingia wodini wameshikana hivyo, wanawake wawili wanene, wakongwe kuliko nilivyowahi kuwaona. Baba alifumbua macho. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, kisha akaitazama mikono yao.

"Mmekuja wote," alisema.

"Tumekuja," mama alisema.

"Mmesemezana?"

"Tumesemezana, mtoto," shangazi alisema. "Kubali wakukate."

Nimeona furaha nyingi kwenye uso wa baba, lakini ile sikuwahi kuiona. Ilianzia kwenye paji la uso ikashuka, kila mkunjo ukalegea. Alikuwa kama mtu aliyebeba mzigo kichwani tangu asubuhi, akafika, watu wakampokea. "Alhamisi njema gani hii," alisema, homa ikiwa imemchanganya siku, kwani haikuwa Alhamisi. "Basi mwambieni daktari akate."

Hakuuliza wapi. Nilisubiri aulize. Nilikuwa nimejiandaa kumshika mkono atakapouliza, lakini walimbeba, magurudumu ya machela yakalia kwenye sakafu, naye bado anatabasamu, bado hajauliza.

Wakafunga mlango. Tukarudi kwenye benchi, nikaketi mahali pangu pa siku zote. Kisha mama akasema, akimwelekea shangazi juu ya kichwa changu, kwamba ukumbi ule una baridi. Shangazi akasema una baridi kweli, na akauliza kama kifua cha mama bado kinamsumbua wakati wa baridi. Mama akasema siku hizi si sana. Akauliza habari za magoti. Walikuwa wanapokezana habari za miili yao, taratibu, kwa sauti za chini, kama watu waliokutana safarini wakagundua wanatoka mtaa mmoja. Nilikuwa nimeota kuisikia sauti hiyo tangu utoto. Niliisikia nikiwa natazama taa iliyo juu ya mlango wa upasuaji.

"Akiamka atakuwa na njaa," shangazi alisema.

"Utampikia wewe, wifi. Mkono wako anaupenda."

"Hapana, pika wewe. Wewe ndiye mwenye nyumba."

"Basi tuchemshe pamoja. Sufuria moja."

"Kitu chepesi," shangazi alisema. "Bila sukari."

"Bila sukari," mama alikubali, na wote wawili wakaniinamia, macho mekundu, wakinisubiri kama watu waliofaulu swali gumu. "Si ndivyo ulivyotaka, mwanangu?"

Nilisema ndiyo, ndivyo. Kisha nikainuka, kwa sababu nilikuwa nimewakalia katikati, na mama akasogea, na shangazi akasogea, hadi nafasi niliyoacha ikaisha. Niliwaambia nakwenda kuwatafutia maji ya kunywa. Hawakuwa wameomba maji. Mikono yangu haikuwa na kitu kingine cha kufanya.